Watu Wanne wa Kumgeuza Sichone

Niliajiriwa mwaka wa unga wa njano. Waliokuwepo wanaukumbuka. Ulikuwa unga wa msaada, ugali wake una rangi ya kiini cha yai na harufu ya gunia. Sisi watu wa Iyula tulikuwa na mahindi meupe ghalani kwetu, lakini hospitalini Tunduma tuliula huo wa njano, kwa sababu jiko la serikali lilipika kilicholetwa na serikali. Sukari ilivuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, imefungwa migongoni mwa akina mama kama mtoto mchanga, na askari wa mpakani walijua, ila nani atamfunua mtoto aliyelala? Kwa hiyo mkiniuliza nilianza lini, jibu langu ndilo hilo. Tarakimu zake ziko kwenye faili langu, kasomeni huko.

Nilifika na ufagio wangu mwenyewe. Aliyenitafutia kazi alisema naenda kufagia, na mimi darasa langu ni la nne, sikutegemea zaidi. Msimamizi wa wodi ya majeruhi alikuwa Mama Tusekile, muuguzi wa Kinyakyusa, mfupi, mkavu kama kuni ya mwaka jana. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliuchukua ule ufagio, akauegemeza ukutani, akaniambia nivue viatu nipande kitandani. Kitanda kilikuwa na mbao chini ya godoro jembamba. Akasema mikono kifuani, nisijisogeze mpaka yeye aseme. Halafu akaenda zake kugawa dawa.

Nililala. Nzi akatua puani, akatembea, akajisafisha miguu, akarudi. Uji wa njano ukaja, nikalishwa kwa kijiko nikiwa chali, nusu ukaniingia sikioni. Wauguzi wawili wakaja kunigeuza ovyoovyo, mabega kwanza, kiuno baadaye, nami mzima kabisa nikasikia mgongo unajisokota kama nguo inayokamuliwa. Kisha wakaja wanne wakanigeuza inavyotakiwa, na sikusikia kitu. Mama Tusekile akaniuliza kama nimeona tofauti. Nikasema nimeona. Akasema basi hiyo ndiyo kazi, kufagia nitafagia pia.

Ninyi wauguzi vijana mna vitanda vya kukunja kwa mkono wa chuma, lakini sikilizeni. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo, au aliyetoka kupasuliwa, hageuzwi kama mtoto anayebadilishwa nepi. Kichwa, mabega, kiuno na miguu vinakwenda pamoja, kama gogo linalobingirishwa. Watu wanne: mmoja kichwani, wawili ubavuni, mmoja miguuni. Wa kichwani ndiye mwenye mdomo, wengine wananyamaza. Akisema "gogo," wote wanavuta kwa pumzi moja. Hakuna moja-mbili-tatu, maana kuna wanaovuta kwenye mbili na kuna wanaovuta baada ya tatu. Asiyegeuzwa anaoza makalio akiwa hai, nasema kama lilivyo. Anayegeuzwa vibaya, mfupa unateleza, miguu inakufa, na hapo hata mchungaji hakusaidii.

Vifaa vyetu tulivishona wenyewe. Magunia ya kahawa kutoka kwetu Iyula tuliyakata, tukayajaza mchanga uliooshwa na kuanikwa, yakawa mifuko ya kumbana mgonjwa huku na huku asijiviringishe usingizini. Yalinukia kahawa hata baada ya miaka. Kitu kimoja nilikianzisha mimi, nacho ni kioo. Nilichukua kioo cha kunyolea nikakifunga kwa waya juu ya kitanda, ili aliyelala chali aone mlango. Mtu asiyeona mlango anakata tamaa upesi. Madereva wa Zambia waliopinduka na malori walikipenda sana. Walikiita televisheni. "Bamayo," waliniita, yaani mama kwa lugha yao, "geuza televisheni, hii stesheni inaonyesha ukuta tu."

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi mpaka akaja Sichone, na yeye ndiye ninayetaka kuwasimulia habari zake.

Sichone alikuwa Mnamwanga wa bondeni Momba, kijana mwenye mke na mtoto mmoja, aliyekwenda Saza kuchimba dhahabu. Duara, yaani shimo la machimbo, lilimporomokea. Wenzake walimfukua, wakamtoa kwa kumbeba mmoja mabega mmoja miguu, kama kiroba, na mpaka leo sijui ni malaika gani aliyeushika ule mgongo. Hospitali ya rufaa kule Mbeya walimpasua, wakachukua mfupa nyongani wakaupandikiza mgongoni, wakamrudisha kwetu na agizo moja: alale chali, ageuzwe, asikae, mpaka daktari wa mifupa atakapokuja kumtazama. Vidole vya miguu vilikuwa vinacheza. Kidogo, lakini vinacheza. Kila asubuhi nilivikuna kwa njiti ya kiberiti, naye alisema, "Mama Skola, unanitekenya." Hilo neno kwangu lilikuwa tamu kuliko mshahara.

Kosa langu lilikuwa kile kioo. Siku hiyo aliingia mke wake, Neema, na nyuma yake mama yake Neema, Bibi Nambeye, amebeba kapu. Sasa, kwa Wanamwanga wa zamani, mama mkwe na mkwe wa kiume hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Bibi Nambeye alijua taratibu, alikuwa amepanga kuishia mlangoni. Lakini Sichone alimwona kwenye kioo, uso mzima, naye amelala kifua wazi. Akashtuka. Akakamata ukingo wa kitanda ajiinue ajifiche.

Nilimrukia. Nilimkandamiza mabega yote mawili, nikamwambia usoni pake, "Hainuki mtu hapa mpaka mimi niseme."

Akaganda. Nje ya mlango Bibi Nambeye alikuwa amepiga magoti akiutazama ukuta, anaomba radhi kwa ukuta. Nikakigeuza kioo. Kuanzia siku ile bibi alikaa barazani, chini ya dirisha, mgongo kwa mwanawe mkwe, anapika na kumpa Neema chakula. Walizungumza hivyo, kwa kupitia Neema, ingawa wote watatu walisikiana vizuri kabisa. "Mwambie mama asante kwa maharage." "Mwambie mama amesikia."

Halafu ukaja mwaka ambao Tunduma nzima haikula kachumbari.

Kipindupindu kilikuja kwa barabara, kama kila kitu Tunduma. Redio ilisema ni ugonjwa wa dunia, umekwishapita nchi nyingi, na sisi tukasikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mvua ya kwa jirani. Siku si nyingi mabwana afya walikuwa wanamwaga maembe ya wauzaji mtaroni. Migahawa ikafungwa. Kila mlango ukawekwa gunia lililoloweshwa dawa ukanyage. Tulikula vya moto tu. Hata ndizi mbivu tulizichemsha, na kama hujala ndizi mbivu ya kuchemsha, hujakosa kitu.

Hospitali ilijaa. Vitanda vilikatwa matundu katikati, ndoo chini. Wauguzi wote walipelekwa upande ule, na Mama Tusekile, karibu anastaafu, akaenda wa kwanza bila kuitwa. Aliniacha mimi na wodi ya majeruhi. Mganga mfawidhi alikuwa kijana mpole kutoka Bukoba, macho yamemwingia ndani kwa kukosa usingizi. Aliamua kila asiye na kipindupindu arudishwe nyumbani kwa lori. Na nisiwadanganye, alikuwa sahihi. Waliopanda lile lori la kwanza walipona wote, na wangebaki sijui.

Akaja kwa Sichone mwisho. Tulisimama mlangoni tukasemezana kwa sauti ya chini.

Akaniambia lori litarudi kesho, na Sichone ataondoka nalo.

Nikamwambia barabara ya bondeni inavunja springi za magari, sembuse mfupa wa kupandikizwa. Kabla hawajafika mtoni atakuwa hana miguu.

"Mama Skola, akiharisha humu je? Mtu asiyeweza kukaa, kwenye kidonda cha mgongo? Unajua atakufa."

"Najua."

"Na nani atamgeuza? Sina hata mtu mmoja wa kukupa. Mmoja."

Nikamtazama. Nilimwonea huruma, lakini huruma si kibali. Nikasema, "Hainuki mtu hapa mpaka mimi niseme."

Mtu mwingine angenifukuza kazi pale pale. Yeye akajifuta uso, akasema kuna stoo ya mashuka nyuma, ina mlango wake na dirisha lake. Akaweka masharti. Atakayeingia humo asikanyage upande wa kipindupindu, mimi pamoja. Maji yachemshwe na sisi wenyewe. Na nimwonyeshe watu wanne. Lori likirudi, kama hawajatimia, Sichone anapanda, na mimi nitakuwa nimenyamaza. Nikakubali. Daktari aliona mbali, maana bila watu wanne hata mimi ningemuua, polepole zaidi tu.

Nikaanza kuhesabu. Mimi wa kichwani. Neema ubavuni. Tito, kaka yake Sichone, mwanamume wa makamo aliyekuja kumletea blanketi akakwama kwa sababu mabasi yalizuiwa, ubavu wa pili. Wa miguuni nikatafuta hospitali nzima. Mlinzi alikuwa anabeba maiti, sikumtaka. Mpishi alikimbia siku kipindupindu kilipoingia. Ndugu wa wagonjwa wengine walikuwa wamepanda lori. Nikaenda sokoni, watu wakaniona na gauni la hospitali wakafunga milango.

Nikarudi nikamkuta Bibi Nambeye barazani, anachochea sufuria, mgongo kwa dirisha.

Nikamwambia. Akadhani ninatania. Alipoona sitanii akaweka mwiko chini.

"Mwanangu, unataka nimshike mkwe wangu miguu?"

"Ndiyo, mama."

"Uchi wake?"

"Tutamfunika shuka. Utashika vifundo vya miguu tu."

"Mimi nitazikwa na nani baada ya hapo? Wenzangu watasema Nambeye alimshika mkwe kama mume."

Na kutoka dirishani, Sichone akasema, safari hii bila kumtuma Neema, ila alilitazama dari wakati anasema: "Mama Skola, nipelekeni nyumbani. Aibu hiyo siiwezi. Bora miguu iende."

Nilikasirika, msinione leo nimetulia. Nikamwambia miguu ikienda, atakayemwosha na kumbeba maisha yake yote ni Neema, na Neema ni mtoto wa huyu mama, kwa hiyo achague anamwaibisha mama mkwe siku chache au anamrudishia binti mtumwa. Nikamgeukia bibi, nikamwambia hayohayo.

Neema hakulia. Alimwambia mama yake kitu kwa Kinamwanga, kifupi. Mimi Mnyiha, nilikamata neno moja tu, "baba," na mtoto wake alikuwa anacheza pale na kijiko.

Bibi Nambeye alikaa sana. Sufuria ikaungua. Halafu akafungua kanga yake ya juu, akaikunja, akajifunga usoni, macho na pua, kama mtoto anayecheza kibe. Akanyoosha mikono mbele.

"Niongozeni," akasema. "Sitamwona. Kama sitamwona, sijamshika."

Wala sikucheka. Sichone naye akafumba macho mpaka uso ukakunjamana. Tukamhamishia stoo juu ya mbao zake, na asubuhi, lori likiunguruma nje, daktari akasimama dirishani. Mimi kichwani, Neema na Tito ubavuni, na miguuni bibi aliyefungwa kanga. Nikasema, "Gogo."

Akaenda kama maji. Nambeye ametwanga mahindi na wenzake kinu kimoja tangu utotoni, michi mitatu kwenye tundu moja. Mtu kama huyo hafundishwi kwenda kwa pumzi ya mwenzake. Daktari alitazama, akaondoka. Nikasikia lori linaondoka.

Tukaishi mle stooni. Mchana tuligeuza kwa kufuata jua dirishani, usiku kwa kufuata redio ya mlinzi. Nilimpaka spiriti na poda mgongoni, nikakagua visigino, makalio, viwiko, nikibonyeza kila pekundu. Mikono tuliiosha mpaka ikachubuka. Tito akawa ndiye mchemsha maji na alijivuna kwa cheo hicho. Siku moja tumbo la Sichone lilifunguka, na nawaambieni tulikufa wote wanne tukiwa wima. Daktari alikuja mbio, akasimama dirishani, akauliza amekula nini. Maharage ya bibi, kapu zima, kwa sababu mkwe hasemi nimeshiba, husema ongeza. Likapita. Kuanzia hapo nilipima maharage mimi.

Sasa siku niliyoogopa. Tulikuwa katikati ya kumgeuza, neno nimekwisha kusema, yuko kwa ubavu, na ile kanga ikateleza. Ikamshukia bibi shingoni. Na Sichone, kwa kusikia kanga inaanguka, akafumbua macho. Wakaonana. Uso kwa uso, umbali wa urefu wa mtu.

Nilisubiri aachie. Mtu yeyote wa kwao angeachia, mikono ingeachia yenyewe kabla ya akili. Miguu ingeanguka, kiuno kikajisokota, na kazi yetu yote ikaishia hapo. Nikavitazama vidole vya Nambeye kwenye vile vifundo. Havikufunguka. Akamshusha pamoja nasi, taratibu, mpaka mifuko ya mchanga ikampokea. Ndipo akajifunika uso kwa mikono yake miwili, akatoka nje.

Sichone akasema, akilitazama dari, "Neema, mwambie mama asante."

Na kutoka nje sauti ikajibu, bila kumpitia mtu: "Amesikia."

Kipindupindu kiliisha kama kilivyokuja, bila kuaga. Mama Tusekile alirudi amekonda, akakagua mgongo wa Sichone kwa macho na vidole, pote, akitafuta kidonda cha kulalia cha kunigombeza. Hakukipata. Akasema, "Haya, kafagie." Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo.

Daktari wa mifupa akaja, wakamvika Sichone gamba la plasta, na siku ikafika ya kumsimamisha. Nikamwambia inuka. Aliinuka akitetemeka kama ndama, Tito huku, mimi huku. Bibi Nambeye alikuwa amesimama mlangoni, hakujua tutamsimamisha muda ule. Na kitu cha kwanza alichofanya Sichone, baada ya muda wote ule wa kulala, kitu cha kwanza kabisa akiwa juu ya miguu yake mwenyewe, kilikuwa kumpa mama mkwe mgongo, kwa heshima.

Tukauona ule mgongo wote, umenyooka. Neema ndiye aliyeanza kucheka. Bibi naye akacheka, akautazama ukuta.

Alipopata nguvu alimpelekea mama mkwe kuku na kitenge kipya cha kufidia ile kanga. Nasikia kijijini walisema sana. Nasikia pia kwamba Nambeye aliwajibu kwamba alishika gogo, na kama kuna mwenye sheria ya magogo ajitokeze.

Baada ya hapo nimegeuza wengi. Pikipiki za Mkwajuni zilituletea migongo mingi kuliko machimbo yalivyowahi kutuletea. Vitanda vikabadilika, plasta zikawa vyuma vya ndani, magunia ya kahawa yakatupwa na mtu msafi asiyeuliza. Moja nililiokoa, wajukuu wangu wanalikalia. Lakini watu bado ni wanne, na neno bado ni moja, na nikisikia mtu anahesabu moja-mbili-tatu nitamjia hata kwa mkongojo.

Siku ya kuniaga ukumbi ulijaa. Sichone alikuja kutoka bondeni, mvi kichwani, fimbo mkononi, na Neema pembeni, nikamkalisha kiti cha mbele chenye mgongo wa mbao. Mshereheshaji, kijana wa Tunduma mwenye koti linalong'aa, alikuwa ametuinua na kutukalisha tangu asubuhi. Tulimsimamia mgeni rasmi, tukausimamia wimbo, tukaisimamia keki. Mwishoni akatangaza wote tusimame tena kumheshimu Mama Skola. Nikamwona Sichone anaikamata fimbo, uso unakunjamana, anataka kuwa wa kwanza. Mkono wangu ulimfikia begani kabla sijafikiri. Nikamwambia yule kijana anyamaze kidogo, nikachukua kipaza sauti.

"Hainuki mtu hapa mpaka mimi niseme."

Ukumbi wote, waliokwisha kusimama na waliokuwa nusu, wakakaa. Sichone akacheka mpaka akashika mbavu. Kijana wa koti akaniinamia sikioni, akaniuliza kwa adabu, "Hata mgeni rasmi, mama?"

Nikamtazama mgeni rasmi, aliyekuwa bado amesimama peke yake, nikakirudisha kile kipaza sauti mdomoni.

"Hainuki mtu hapa mpaka mimi niseme."